Nimepewa usimamizi wa stoo niliyokuwa nafanya kazi na wenzangu, wiki ya kwanza nianze na nini?

Stoo_Pugu aliandika:

Wakuu, habari za majukumu.

Kuanzia tarehe 1 mwezi ujao nasimamia stoo ya kampuni inayosambaza bidhaa za nyumbani hapa Dar: sabuni, mafuta ya kupikia, unga wa ngano, biskuti. Chini yangu kutakuwa na watu 9: watunza stoo 3, karani wa invoisi 1, dereva wa foklifti 1 na wapakiaji 4. Wote ni wenzangu wa siku zote. Wawili wamenizidi umri kwa mbali, na mmoja aliomba nafasi hii hii akakosa.

Kazi ya stoo naijua, mfumo wa kompyuta naujua. Kusimamia watu ndiko sijafundishwa popote. Naombeni mambo ya vitendo, si "jiamini dada". Nianze na nani, niseme nini, nisiguse nini? Na je, kuna kitu cha kuhakikisha kwenye barua kabla sijasaini?

Faili_la_Kijani:

Hongera dada. Nikujibu la barua, maana huko ndiko wengi wanakoumia kimya kimya.

Angalia kwanza kama barua inasema umeteuliwa au unakaimu. Kukaimu bila tarehe ya mwisho ni kufanya kazi ya bosi kwa mshahara wa zamani, na inaweza kwenda mwaka mzima. Kama ni kukaimu, iandikwe mpaka lini na posho ni kiasi gani. Kama umeteuliwa, tafuta cheo, tarehe ya kuanza, mshahara mpya, unaripoti kwa nani, muda wa majaribio katika cheo kipya, na kitakachotokea usipofaulu majaribio hayo: unarudi nafasi yako ya zamani au ndiyo safari imeisha? Hilo la mwisho watu huona aibu kuliuliza. Uliza.

Halafu omba kwa maandishi mipaka ya mamlaka yako kwenye mambo manne: kuidhinisha likizo, kuidhinisha saa za ziada, kutoa onyo, na kusaini bidhaa zilizoharibika au kupotea (mpaka thamani gani unasaini peke yako, kuanzia wapi unapeleka juu). Msimamizi asiyejua mipaka hii huahidi likizo Jumatatu, bosi akaifuta Jumanne, na kuanzia hapo vijana wanamruka na kwenda kuomba moja kwa moja juu.

Kuhusu hela, usifurahie tarakimu ya kwenye barua kabla ya kupiga hesabu. Tuseme umeongezwa 300,000 na kipato chako cha kutozwa kodi tayari kimevuka milioni 1 kwa mwezi. NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ukichangia asilimia 10 inaondoka 30,000. Inabaki 270,000, PAYE (kodi ya mshahara) ya asilimia 30 inachukua 81,000. Umebaki na 189,000. Una deni la Bodi ya Mikopo (ya wanafunzi wa elimu ya juu)? Asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 45,000 nyingine. Mfukoni zinaingia 144,000.

Na hapo bado hujagusa saa za ziada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamweka nje ya masharti ya saa za kazi mtu anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu. Kama sasa hivi unalipwa saa za ziada kila mwisho wa mwezi na cheo kipya kinakuweka kundi hilo, malipo hayo yanaweza kukatika. Nimeona "kupanda cheo" kukiwa kushuka mshahara. Chukua hati zako za malipo za miezi mitatu, tafuta wastani wa ulichopokea mkononi, linganisha. Mazungumzo ya mshahara yana nguvu kabla ya sahihi.

Zamu_ya_Alfajiri:

Mkuu hapo juu kamaliza ya karatasi. Mimi nitasema ya sakafuni.

Kitu cha kwanza kabisa, kabla ya kuongea na mtu yeyote: hesabu ya makabidhiano. Ukipokea stoo bila kuhesabu, upotevu wote wa aliyekutangulia unakuwa wako. Na usihesabu kienyeji. Simamisha mapokezi na utoaji, Jumapili ni nzuri. Panga jozi mbili zinazohesabu eneo lilelile kwa nyakati tofauti, na karatasi zao zisiwe na idadi ya kwenye mfumo, maana mtu akishaona mfumo unasema 412 atazihesabu mpaka zifike 412. Jozi zikitofautiana, watu wengine wanahesabu upya eneo hilo tu. Katoni zilizofunguliwa ziwe na ukurasa wake, zilizoharibika na zilizopita muda ukurasa wake. Awepo anayekabidhi, wewe, na mtu wa uhasibu. Wote watatu wanasaini kila ukurasa.

Tofauti zitakuwepo, usiruke kusema wizi. Mara nyingi ni mzigo uliotoka ila invoisi haijaingizwa, bidhaa alizorudisha dereva zikawekwa pembeni bila hati, au mtu kaingiza dazeni mahali pa katoni. Fuatilia hizo tatu kwanza, kinachobaki ndicho kiandikwe kama upungufu.

Sasa watu. Ongea na kila mmoja peke yake, dakika 25. Watu 9 ni chini ya saa nne kwa jumla, ukifanya wawili kwa siku umemaliza siku ya tano. Anza na yule aliyeomba nafasi, siku ya kwanza, asubuhi. Usijifanye hujui. Mwambie: "Najua uliiomba hii nafasi. Sitakuuliza kama imekuuma. Nataka kujua unataka kufika wapi hapa kazini na kazi gani nikikuachia utaiona ni ya kukukuza." Kisha mpe kweli kitu chenye uzito: ratiba ya magari, au hesabu ya kila siku ya bidhaa zinazotoka haraka. Ukimpa kazi ya kumnyamazisha, kama kutunza kitabu cha wageni, ataijua, na wengine watakuwa upande wake.

Maswali ya kuwauliza wote, machache tu: kazi yako inakwama wapi? Kitu gani nikikibadilisha kitaharibika? Mwaka huu unataka kujua kufanya nini ambacho leo hukijui? Andika mbele yake. Usiahidi mshahara, usimjadili mwenzake. Halafu ndani ya siku kumi rekebisha kitu kimoja kidogo walichokitaja wengi. Inaweza kuwa taa iliyoungua kwenye mlango wa kupakilia au troli la tairi bovu. Hiyo itakujengea heshima kuliko hotuba.

Zaidi ya hapo, usibadilishe utaratibu wowote wiki mbili za mwanzo. Ruhusa ni mawili tu: usalama (mtu anapanda kwenye uma za foklifti, simamisha siku hiyo hiyo) na mianya ya wizi.

Kila asubuhi, kikao cha kusimama, dakika 10, pale pale mlango wa kupakilia. Jana kipi hakikutoka, leo magari mangapi na yanakwenda wapi, nani hayupo, bidhaa gani inakaribia kuisha muda. Jambo likizidi dakika mbili, wahusika wabaki, wengine waende kazini. Waanze kusema wapakiaji, wewe uwe wa mwisho. Msimamizi akianza, kinachofuata ni "sawa bosi" tisa, na ile taarifa kwamba foklifti ilikuwa inavuja mafuta jana jioni huipati.

Kwenye kugawa kazi ndiko wapya huharibu zaidi. "Shughulikia Fuso la Morogoro" si maagizo. Maagizo ni hivi: "Fuso la Morogoro liwe limefungwa turubai saa 11 alfajiri. Katoni 412 kwa manifesti (orodha ya mzigo wa gari), mafuta na sabuni nyuma kabisa kwa sababu yanashuka kwanza. Mwenye neno la mwisho kwenye upangaji ni wewe. Ukikosa bidhaa chini ya katoni 10, punguza na uandike kwenye manifesti, zikizidi, nipigie. Nitapita saa 9 usiku kuangalia ukiwa nusu." Kuna mwisho wa kazi, kiwango, saa, mwenye uamuzi, lini apige simu, na ukaguzi wa katikati. Huo wa katikati usiuache kwa watu wapya. Ukikagua mwisho tu, kosa utalikuta gari limeshafungwa, na kushusha katoni 412 ili kurudisha 6 hakuna atakayekushukuru.

Mama_Leja:

Nakubali mengi ya Zamu, ila wazee wawili hakuwagusa.

Shikamoo ibaki shikamoo. Cheo hakiondoi umri, na ukiacha kumwamkia mzee eti kwa sababu wewe ni bosi, stoo nzima itakuwa dhidi yako kabla ya saa nne. Lakini usichanganye adabu na kuomba ruhusa. "Mzee, naomba Fuso la Morogoro litangulie, la Chalinze lifuate" ni maagizo yenye heshima. "Samahani mzee, sijui kama itawezekana, kama hutajali..." ni kumkabidhi uamuzi, na vijana wanasikia. Sema kwa upole, sema mara moja, halafu nyamaza.

Watumie kwa wanachokijua. Mzee wa upakiaji anajua kwamba mafuta hayakai juu ya unga, kwamba sabuni ikilala na biskuti siku mbili kwenye gari lililofungwa biskuti zinanuka sabuni na duka linazikataa. Mpe mpakiaji mpya amfundishe wiki mbili, na uitangaze kwenye kikao kwamba yeye ndiye mwalimu. Hilo ni jukumu, si zawadi ya kumtuliza.

WhatsApp sasa. Kile kikundi chenu cha utani, mlikomsengenya bosi wa zamani, toka. Aga vizuri, "nawaachia uwanja", basi. Ukibaki utasoma mambo ambayo msimamizi akishayasoma lazima achukue hatua. Fungua kikundi cha kazi chenye sheria tatu: ratiba ya kesho inawekwa kabla ya saa 12 jioni, picha ya kila manifesti iliyosainiwa inawekwa humo, hakuna kumkemea mtu humo, hata kwa kialama cha uso. Na baada ya saa 2 usiku kimya, isipokuwa dharura ya gari au ya zamu ya usiku.

Zamu_ya_Alfajiri:

Mama Leja, kwenye kutoka kikundi cha zamani sikubaliani. Akitoka siku ya kwanza wataona kaanza kuringa. Abaki, azime sauti, asichangie. Baada ya miezi miwili wenyewe watafungua kingine bila yeye.

Mama_Leja:

Na ndani ya hiyo miezi miwili mtu akiandika humo kwamba kachukua katoni? Amesoma au hakusoma? Atoke.

Stoo_Pugu:

Asanteni sana, hesabu ya 144,000 imenifungua macho, kesho narudi kwa HR kabla ya kusaini.

Nina maswali mawili. Kwanza, mmoja wa watunza stoo ni rafiki yangu wa karibu na anachelewa. Nilikuwa najua siku zote, nikinyamaza. Sasa naanzaje bila kuonekana nimegeuka? Pili, mimi ndiye nilikuwa naingiza hesabu kwenye mfumo kuliko wote. Niendelee?

Zamu_ya_Alfajiri:

La rafiki: usimfuate na mambo ya zamani. Siku ya kwanza kwenye kikao taja saa ya kuanza zamu kwa wote, kisha hesabu kuanzia hapo. Akichelewa mara mbili, mwite pembeni siku hiyo hiyo, si mwisho wa mwezi. Mweleze lini, alifanya nini, na kilisababisha nini: "Jumatatu na leo umefika saa 2 na dakika 20, zamu inaanza saa 1 na nusu. Gari la Kibaha limekaa kusubiri sahihi ya pili." Halafu: "Kuna nini?" Na hapo nyamaza mpaka ajibu, hata kimya kikikutesa. Inawezekana anapeleka mtoto shule na zamu ya saa 3 ingemfaa; hilo linatatulika. Inawezekana hana sababu. Vyovyote, malizeni na ahadi yenye tarehe.

Usimpake asali kwanza ("wewe ni mfanyakazi mzuri sana, ila..., lakini kwa jumla uko vizuri"). Ataondoka amesikia sifa mbili na kulisahau la katikati. Na usiseme "wewe mvivu". Saa ya kufika mtu hawezi kuibishia, tabia ataibishia mpaka kesho.

La pili: acha, ila si kwa siku moja. Chagua mtunza stoo mmoja, wiki ya kwanza anakutazama, ya pili anaingiza wewe ukitazama, ya tatu anaingiza peke yake na unakagua mistari 20 kila jioni, ya nne mistari 5. Atakuwa taratibu kuliko wewe na utawashwa mikono. Vumilia. Ukiendelea kuingiza mwenyewe, utakuwa karani mwenye cheo, na siku ukiugua stoo inasimama.

Faili_la_Kijani:

Niongezee kwenye hilo la rafiki upande wa kumbukumbu. Nunua daftari moja, na kila mazungumzo ya namna hiyo andika mistari minne: tarehe na saa, alichofanya, alichojibu, mlichokubaliana. Bila matusi wala maoni, maana daftari hilo laweza kusomwa na mtu mwingine siku moja.

Tenganisha vitu viwili. Anayechelewa au kukataa maagizo ana suala la nidhamu. Asiyeweza kazi, mfano anakosea hesabu kila siku ingawa anajitahidi, ana suala la uwezo, na huyo hapewi onyo kabla hujachunguza sababu, ukampa maelekezo, mafunzo na muda wa kutosha kubadilika. Wasimamizi wapya huwapiga wote fimbo moja, kisha kampuni inashindwa kesi.

Kwenye nidhamu, makosa madogo huanza na onyo la mdomo, kisha la maandishi, kisha la mwisho. Likifika kwenye kikao cha nidhamu, Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinataka mfanyakazi apewe angalau saa 48 za kujiandaa, na anaweza kuja na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Mwenyekiti asiwe mtu aliyehusika na jambo lenyewe. Kwa hiyo wewe utakuwa mlalamikaji au shahidi, si hakimu. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka shauri CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko swali huwa mawili: sababu ilikuwepo? Utaratibu ulifuatwa? Makampuni mengi huanguka kwenye la pili.

Na kwa kuwa utapanga zamu, kariri hizi: saa za kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku, mtu akifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya saa 1, saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu na haziruhusiwi kuzidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5, sikukuu ni mara mbili. Fuso la alfajiri linagusa karibu yote hayo. Pale ambapo msimamizi "anawaomba vijana wasaidie kidogo" kila Jumamosi, deni la saa za ziada hujikusanya bila mtu kuliandika.

Ngazi_kwa_Ngazi:

Nimefuatilia kimya. La kwenda juu halijaguswa.

Bosi wako mpya hataki hadithi. Kila Ijumaa mtumie mistari mitano: magari mangapi yalitoka kwa wakati kati ya mangapi, tofauti ya hesabu kwa shilingi, bidhaa zitakazoisha muda ndani ya siku 60, tatizo moja kubwa na unalolifanya, kitu kimoja unachohitaji toka kwake. Tarakimu zilezile, mpangilio uleule, kila wiki. Baada ya miezi mitatu una takwimu ambazo hakuna mwingine anazo, na siku ukiomba mtu wa kumi au foklifti ya pili huongei kwa hisia.

Kuhusu masomo, vyeti vya "uongozi" vya mtandaoni vya saa nne sivikatazi, ila visikule hela. Kama unataka kubaki kwenye ugavi, angalia mitihani ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi (PSPTB), kwa sababu nafasi za juu ya stoo ndizo zinazodai sifa hizo. Na kwa mwanamke anayepanda, Chama cha Waajiri Tanzania (ATE) kina programu ya Mwanamke Kiongozi. Mara nyingi mwajiri ndiye anayempeleka mtu, kwa hiyo muulize HR kama kampuni yenu ni mwanachama.

Stoo_Pugu:

Nimewasoma wote. La mwisho: anayekabidhi anasema hesabu tufanye mwisho wa mwezi ujao "ili isiwasumbue watu wa mauzo", lakini anataka nisaini makabidhiano tarehe 1.

Zamu_ya_Alfajiri:

Usisaini makabidhiano. Andika karatasi yako: "Nimepokea funguo na nywila za mfumo tarehe 1. Hesabu ya bidhaa haijafanyika. Sijapokea mali." Msaini wewe na anayekabidhi, nakala kwa uhasibu na kwa bosi wako siku hiyo hiyo. Utashangaa hesabu itakavyopatiwa nafasi Jumapili ya kwanza.

Mama_Leja:

Na nywila ya zamani ibadilishwe hapo hapo mbele yake.